Darasa Lililosoma Nyusi Zangu

Mwanangu Rehema,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naisikia kutoka hapa mezani: umelala chumba cha pili na unakoroma kama baba yako. Yangu utaijua ukifika mwisho. Karatasi hizi nitaziweka chini ya sahani yako ya chai, uzisome kabla baba yako hajaleta mkokoteni wa kubebea sanduku, maana zina neno ambalo nataka uwe nalo kabla hatujafika stesheni.

Habari za kuchemsha maji, chandarua na kuficha sukari shangazi yako amezimaliza. Mimi na sukari tuna ugomvi hata hivyo. Tunaishi mkoa wenye mashamba ya miwa mpaka Turiani, na bado tunaipangia foleni dukani; sina la kumshauri mtu.

Nataka kusema habari ya leo mchana. Nilivaa gauni la kanisani na vile viatu vinavyobana, nikakuambia nakwenda ofisi ya elimu kumwona yule mama niliyesoma naye chuoni, akubadilishie kituo cha ualimu. Kasulu wampeleke mwingine. Wewe wakupe Mkuyuni, karibu na bibi yako, ambako mtu akiumwa kichwa asubuhi mchana mama yake ameshafika. Ukasimama mlangoni na hukunipisha. Ukaniambia maneno ambayo yalinifanya nivue viatu, nikaenda jikoni kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Nilikaa nao mpaka jioni bila kukujibu, na wewe ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa natafuta jibu, na unanijua mimi, siwezi kufika Kasulu bila kupitia kwanza milimani kwao baba yako, kwa hiyo nivumilie.

Sababu yangu ilikuwa hii. Tangu ile karatasi ya kituo ilipofika, nimekuona unashika tama kwenye kizingiti cha jiko. Nikiingia, unaangalia chini. Nikikuuliza habari za Kasulu, unabana midomo na kujifanya unatafuta ufagio. Nani asiyejua maana ya binti kushika tama? Na mimi si mtu wa kawaida katika mambo hayo. Nilifundisha watu kusoma miili ya wenzao kabla wewe hujaota meno. Nikasema mtoto huyu hataki kwenda na anaona haya kusema. Nikaona kazi ya mama ni kumwokoa.

Kuhusu hilo somo la miili hujawahi kusikia yote, kwa sababu baba yako akianza kulisimulia hucheka mpaka anashindwa kumaliza. Ngoja nilimalize mimi.

Ulikuwa hujaweza hata kukaa sawasawa nilipopewa darasa la kisomo. Serikali ilisema kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika, na kijiji chetu, kule juu ya Mkuyuni, kikaamua mwalimu awe mke wa kijana wao, yaani mimi, wa kuja kutoka Njombe. Asubuhi nilifundisha watoto. Alasiri watoto wakitoka, waliingia mama zao na babu zao, chumba kilekile, madawati yaleyale ya darasa la kwanza. Walikuwepo akina mama ambao kuingia kwenye dawati waliingia wenyewe, kutoka tukawa tunasaidiana. Wewe nilikulaza juu ya kanga pembeni ya ubao, na kila aliyeingia alikusalimu wewe kwanza kabla yangu.

Kati yao nikutajie wawili tu. Mama Salima aliuza mananasi gulioni Mkuyuni, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Huyo nilimpenda siku ya kwanza. Mzee Mkude alikuwa balozi wa nyumba kumi, mrefu, mkimya, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Huyo nilimwogopa. Alikaa amekunja mikono kifuani, mgongo umenyooka, ananitazama bila kupepesa macho. Nikajiambia huyu ananidharau, hataki kufundishwa na mwanamke, tena mtoto, tena wa kuja. Nikawa namruka. Swali likikaribia dawati lake linapaa juu ya kichwa chake na kutua kwa jirani.

Lakini darasa lenyewe, mwanangu, lilikuwa la ajabu. Naandika neno ubaoni, nauliza kama ni mbegu au mbuzi. Wote kwa pamoja: mbegu. Naandika jingine, nauliza kama ni kaka au kuku. Kuku. Haki ya Mungu walikuwa hawakosi. Wiki chache tu na nilikuwa na wazee wanaosoma kuliko watoto wa asubuhi. Nikavimba kichwa. Nikamwambia mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akamwambia mratibu wa elimu, na mratibu akasema atapanda mlima aje ayaone maajabu hayo kwa macho yake.

Akaja, mtu mwembamba, mpole wa sauti, kalamu zimejipanga mfukoni. Nikafundisha, wakajibu, akaridhika. Kisha akasema vizuri sana, sasa Mwalimu nenda ukakae nyuma, niwaulize mimi kidogo. Nilikwenda kwa maringo, nikakaa karibu na mlango. Mratibu akaandika jembe, akauliza kama ni jembe au ni jambo.

Hapo nikaona kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nikiwa peke yangu sokoni nacheka, na watu hudhani nimerukwa na akili. Darasa zima liligeuka nyuma. Watu wazima, vilemba na kofia, wamejipinda ndani ya vidawati vile, shingo zote zimeelekea mlangoni, wananiangalia mimi. Mratibu akagonga rula akisema jamani, ubao uko huku mbele. Mama Salima, bila hila hata kidogo, akamjibu:

"Ubao tunauona, baba. Jibu limekaa nyuma."

Mratibu hakucheka. Alisema atarudi mavuno yakiisha, na kama mambo ni haya darasa litafungwa, chaki zipelekwe kijiji kingine. Akashuka mlima bila kuonja hata ndizi tulizomchomea. Mimi nikawageukia kwa hasira. Nikawaambia wamenihadaa, wamejifanya wanasoma kumbe wanabahatisha. Hapo Mama Salima alishangaa kwelikweli. Akasema hawakubahatisha hata siku moja. Nikitaja neno lisilo lenyewe, mkono wenye chaki unashuka kiunoni. Nikitaja lenyewe, nyusi zinapanda na visigino vinainuka. Kila mtu aliliona hilo mapema, na walidhani mimi mwenyewe ndiye ninayewapa ishara. Nyusi zikipanda ni ndiyo. Hata mtoto wa kubebwa analijua.

"Wewe ulituambia tusome," akasema. "Tukakusoma."

Hasira iliniisha palepale. Mama Salima amesoma watu gulioni maisha yake yote. Mnunuzi anasema ghali, ghali sana, lakini vidole vimeshashika nanasi kwenye majani, huyo hatoki. Neno letu lilikuwa moja, na kila mmoja alilishika upande wake. Mimi nilidhani nafundisha herufi, wao wakadhani somo ni mimi.

Basi kesho yake sikuandika neno lolote ubaoni. Nikawaambia leo tunasoma mwili, tena waziwazi, na mwili wenyewe ni wangu. Nitajieni kila ninachokifanya. Walianza kwa aibu. Mmoja akataja nyusi, mwingine visigino. Halafu, huwezi kuamini, akainuka Mzee Mkude. Akaja mbele, akaokota chaki, akawa mimi. Akapandisha nyusi, akajiinua kwa vidole, akashusha mkono kiunoni. Akamaliza kwa kutembea taratibu mpaka dirishani na kutazama nje, ambavyo kumbe ndivyo nifanyavyo nikiulizwa jambo nisilolijua. Mbavu sikuwa nazo. Tulicheka mpaka wewe ukaamka na kulia, na Mama Salima akakubeba mgongoni huku yeye mwenyewe anafuta machozi.

Kicheko kile kilinipa ujasiri. Nikamuuliza Mzee Mkude mbele ya watu, na yeye je, ile mikono anayoikunja inasema nini? Akashangaa kwamba mwalimu mzima hajui. Akasema miaka yote amepita na mzigo wake chini ya dirisha la shule, na miaka yote amesikia mwalimu akiwaambia watoto: kaeni wima, kunjeni mikono. Sasa na yeye amekuwa mwanafunzi, anakaa wanavyokaa wanafunzi.

Rehema, yule alikuwa mtu mwenye adabu kuliko wote mle ndani, na mimi nilimruka tangu siku ya kwanza kwa sababu ya adabu yake. Nilimwambia nilivyokuwa nimemdhania. Akacheka kwa sauti mara ya kwanza, akasema sasa ndiyo ameelewa kwa nini maswali yalikuwa hayamfikii, alidhani anaonewa huruma kwa uzee.

Kuanzia hapo tukafanya kazi ya kweli. Niliwaweka wawili wawili. Mmoja anashika kadi yenye neno na kukausha uso, mwenzake anasoma, na akitazama uso badala ya kadi darasa linamzomea. Kukausha uso kulikuwa kugumu kuliko herufi zenyewe. Tuligundua mambo mengi. Wote walikuwa wananiitikia kwa kichwa nikiuliza kama wameelewa, na nilikuwa nafurahi. Kumbe kichwa kile kilikuwa adabu tu, maana utamwambiaje mgeni wako kwamba maneno yake hayakuingia? Ukweli ulikuwa mikononi. Mama ambaye hakuelewa anakaza upya kanga ambayo haikulegea. Baba ambaye hakuelewa anafuta kibao chake cha kuandikia kwa kiwiko kabla hujakiona. Nikawaambia ukimwona jirani yako anakaza kanga, usimcheke, mwonyeshe herufi kwa kidole. Wakawa wanafundishana chinichini, mimi nasubiri. Siku nyingine nilimaliza kipindi nimesema maneno machache kuliko wao.

Mratibu akarudi kama alivyosema, naye hakuwa mjinga. Safari hii alinitoa nje kabisa. Nikakaa chini ya dirisha, wewe mapajani, nimetega sikio, maana nilijua tukianguka leo hakuna tena kisomo pale. Akaandika sentensi. Wenyewe walinisimulia baadaye kwamba alisimama pembeni ya ubao anatabasamu, nyusi juu, anatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari njema. Mtego huo. Akamwita Mama Salima. Nikasikia kidole chake kikigusa ubao, silabi baada ya silabi, ma-na-na-si, akapumua, ya, akapumua, Mku-yu-ni, ni. Hapo akakwama. Nilitaka kuinuka nimwonyeshe uso dirishani, nikajizuia. Ma. Cha. Chu. Kisha ikatoka ile sauti ya ng'ambo ya bonde:

"Nani kaandika upuuzi huu?"

Uso wa mratibu wote ulikuwa unasema ni matamu, na Mama Salima hakuutazama. Aliziamini herufi mpaka akazikasirikia. Mratibu alicheka akakaa chini. Mzee Mkude alisoma sentensi iliyofuata, polepole, bila kukosa, na mimi pale nje nililia kwa furaha kama mtoto aliyepewa andazi. Jioni Mama Salima alimchukua mratibu mpaka kwake, akamkatia nanasi na kumsimamia mpaka alimalize. Darasa halikufungwa.

Sasa, mwalimu mwenzangu, ukiingia darasani kwako usifanye kama nilivyofanya mimi, kudhani wewe ndiye unayetazama na wao wanatazamwa. Watoto watakuwa wamekusoma kabla hujaandika jina lako ubaoni. Waambie wazi. Waambie mwili wangu unasema na wenu unasema, hebu tufundishane. Nasikia huko salamu ni ndefu, na mikono na magoti vina sehemu yake humo. Sijui, sijafika, utaniandikia. Waombe wakuonyeshe. Waulize mtu wa kwao akitazama chini anasema nini, akinyamaza anasema nini. Watacheka, wataigizana, watakuigiza na wewe, na siku hiyo hutafundisha hesabu, mwalimu mkuu atanuna. Acha anune. Baada ya hapo mtoto akikaza kanga ya mdogo wake aliyembeba mgongoni, wewe na wenzake wote mtajua hesabu ya kugawanya haijaingia.

Na ukidhani umemsoma mtu, muulize. Hilo nililijua tangu enzi za Mzee Mkude. Nimewaambia vijana wengi wa mazoezi ya ualimu katika shule yetu hapa mjini, wakaandika kwenye madaftari yao. Halafu binti yangu mwenyewe, niliyemlea kwa mikono yangu, nikamwona anashika tama, na sikuuliza. Nilivaa viatu.

Uliniambia mlangoni, nayarudia kama ulivyoyasema kwa sababu sitaki yapotee:

"Mama, sina huzuni. Nina furaha mpaka naona aibu. Naangalia chini usije ukaiona, ukadhani nimechoka kuishi na wewe."

Kumbe pale kizingitini ulikuwa umeshafika Kasulu unapanga madawati. Kumbe midomo ilibanwa ili kicheko kisitoke. Kila nilichokiona kilikuwepo kweli, sikukosea hata kimoja. Nilikosea maana yake tu. Nilipokuwa nachambua ule mchele nilikuwa nataka kukukumbatia na kukupiga kofi, sijui kipi kitangulie.

Nina jambo sijamwambia mtu, hata baba yako. Siku niliyoondoka Njombe kwenda chuoni, mama yangu alilia, shangazi zangu walilia, na mimi nikalia pamoja nao kwa bidii. Nilisugua macho mpaka yakawa mekundu. Lori lilipopinda kona na nyumba yetu ikapotea, nilianza kucheka juu ya magunia ya viazi. Nilicheka peke yangu mpaka utingo akauliza kama nina homa. Sikuwa nimewahi kufurahi vile. Mama yangu amekufa akiamini nililia njia nzima, na aliwasimulia majirani hivyo. Nilidhani nilimhurumia. Leo, kwa maneno yako, ndiyo nimejua nilimnyima nini. Alifuma vikapu, akalima, akanibembeleza, akanichapa, akanilea mpaka nikawa mtu wa kuondoka kwao anacheka, na hakuwahi kuona.

Usininyime na mimi. Sitakwenda ofisi ya elimu kesho wala siku nyingine. Kesho stesheni mimi nitalia, nakuambia mapema, na baba yako atajifanya anakaza kamba za sanduku. Hayo ni ya kwetu sisi wawili, tuachie, wala usitusaidie. Wewe usisubiri kona. Cheka treni ikiwa bado imesimama, nikuone.

Mama yako